SOMO LA HISTORIA: TAA KATIKA KIKUZA SAUTI

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za chombo kinachoonekana katika kumbi za dansi, yaani kikuza sauti cha gitaa. Mpiga gitaa hugusa uzi kwa kidole tu, na chombo hiki huikuza sauti hata ijae ukumbi mzima. Wengine hupenda kukipamba kwa taa za rangi. Je, desturi hiyo ilitoka wapi, nayo ina hatari gani?

Kwanza fikirini ngoma. Mnajua ya kuwa ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea, na wapigaji wetu huipasha moto ili ikaze. Katika miaka ya 1920 wapiga ngoma wa Marekani walikuwa na shida iyo hiyo. Wao walitia glopu ya umeme ndani ya ngoma kubwa. Joto lake liliikausha ngozi, na mwanga wake ulizing'arisha picha zilizochorwa juu yake. Kazi ilitangulia, pambo likafuata.

Kikuza sauti nacho ni mtoto wa taa. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekuwa amechunguza glopu za umeme, alitengeneza chombo cha kioo kiitwacho valvu. Kwa umbo kilifanana na glopu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani alitia kipande cha tatu cha waya ndani yake, na baada ya miaka michache mafundi walijua kuitumia kukuzia sauti. Magitaa ya umeme yalipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1932, vikuza sauti vyake vilitumia valvu. Valvu haifanyi kazi mpaka ipate moto. Kwa hiyo hung'aa rangi ya machungwa. Baadaye mafundi waliweka glopu ndogo mbele ya sanduku, mara nyingi yenye kioo chekundu, ili kumjulisha mpigaji kwamba umeme umeingia.

Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa huko Marekani. Hiyo haihitaji moto, wala haing'ai. Kisha mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza taa ndogo nyekundu ya namna iitwayo LED. Hutumia umeme kidogo sana, na ndiyo ipendwayo na wapambaji wa leo.

Sasa sikilizeni sana. Ndani ya kikuza sauti cha valvu mna umeme wa volti 300, 400 na hata zaidi. Mna pia vyombo viitwavyo kapasita, vinavyoweka umeme kama mtungi uwekavyo maji. Hata ukichomoa waya ukutani, umeme huo waweza kubaki ndani na kuua mtu. Basi taa ikizimika, msidhani kwamba hatari nayo imezimika.

Atakaye pambo na aweke taa za betri ndogo nje ya sanduku, wala asizibe matundu ya kutolea joto. Kazi ya ndani amwachie fundi. Pambo ni zuri, lakini uhai ni bora zaidi.

Maswali:
1. Kwa nini wapiga ngoma wa Marekani walitia glopu ndani ya ngoma?
2. Valvu na transista zina tofauti gani?
3. Kwa nini kikuza sauti kilichozimwa chaweza kuua?

Andikeni majibu, kisha msomeane darasani. Kwa herini.