Tani kumi za korongo wa karatasi

Kila mwaka mji wa Hiroshima, Japani, hupokea korongo wa karatasi wapatao milioni 10, wenye uzito wa tani kama 10. Wengine huja kwa posta, wengine mikononi mwa wanafunzi walio ziarani, wametungwa kwenye uzi kama shanga, elfu kwa elfu. Huwekwa kwenye Mnara wa Amani wa Watoto, katika bustani ya kumbukumbu ya bomu la atomiki. Si serikali iliyoanzisha desturi hiyo. Ilitokana na msiba wa darasa moja.

Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 Marekani ilipoangusha bomu hilo, tarehe 6 Agosti 1945. Nyumba yao ilikuwa chini ya kilomita 2 kutoka lilipolipuka, lakini hakuungua. Alikua salama, akawa tegemeo la darasa lake katika mbio za kupokezana vijiti. Mwishoni mwa 1954 shingo yake ikaanza kuvimba, na Februari 1955 akalazwa katika hospitali ya Msalaba Mwekundu: saratani ya damu.

Agosti mwaka huo wanafunzi wa Nagoya waliwatumia wagonjwa korongo wa karatasi. Wajapani wana imani ya tangu zamani kwamba anayekunja korongo 1,000 hujaliwa ombi lake. Sadako akaanza kukunja. Alitumia vikaratasi vya kufungia dawa na vya zawadi walizoletewa wagonjwa, na baadhi ya korongo wake walikuwa wadogo hata akawakunja kwa ncha ya sindano. Alifariki tarehe 25 Oktoba, akiwa na miaka 12.

Kitabu cha Eleanor Coerr cha mwaka 1977, kinachosomwa mashuleni katika nchi nyingi, kinasema aliishia korongo 644, wenzake wakamalizia waliosalia. Kaka yake, Masahiro, anakana: dada yake alivuka elfu. Masimulizi ya kitabu yanaliza upesi. Ya kaka ni mazito zaidi, maana mtoto alitimiza sharti lote, hakupona, na bado akaendelea kukunja.

Darasa lake halikukaa na majonzi tu. Novemba 1955, walimu wakuu wa shule za kati kutoka nchi nzima walipokutana Hiroshima, watoto waliwagawia vipeperushi wakiomba mchango wa kuwajengea mnara watoto wote waliouawa na bomu. Shule zaidi ya 3,100 zikachanga, na michango mingine ikatoka nchi tisa za nje. Mnara wenye urefu wa mita 9, kazi ya mchongaji Kazuo Kikuchi, ulizinduliwa tarehe 5 Mei 1958, Siku ya Watoto. Juu yake amesimama msichana aliyeinua korongo. Kengele ya mnara huo ilitolewa na Hideki Yukawa, mshindi wa Nobel ya fizikia. Na fizikia, tusisahau, ndiyo iliyolizaa bomu.

Shaba ya sanamu hudumu, karatasi hainusuriki na mvua. Kwa miaka mingi mji uliwachoma korongo waliochakaa, hadi mwaka 2001 Meya Tadatoshi Akiba alipoamua watunzwe. Vikajengwa vibanda vya vioo. Tarehe 1 Agosti 2003 mwanafunzi wa chuo kikuu akatia moto humo, wakateketea korongo 140,000. Wanachuo wenzake wakakunja wengine kufidia. Ghala nazo zikazidi kujaa. Tangu 2012, chini ya Meya Kazumi Matsui, mji huwapa wanaoomba korongo hao, na korongo wengi husagwa na kuwa karatasi mpya.

Mei 2016 Rais Barack Obama alifika na korongo wanne aliowakunja mwenyewe. Wawili aliwapa wanafunzi, wawili wakabaki kwenye jumba la makumbusho, nao wakawekwa kwenye maonyesho. Wale wa watoto hurudi wakiwa madaftari na kadi za posta, na foleni ya walioandaa wengine haijapungua.