Nzi-matunda kama chakula cha vunjajungu
Nzi-matunda wa jenasi Drosophila, hasa D. melanogaster na D. hydei, ni nzi wadogo wanaotumiwa kama chakula hai cha vunjajungu wanaofugwa. Hupewa tunutu, yaani vunjajungu wachanga wasio na mabawa. Kwa kawaida vunjajungu hukamata windo linalosogea, na tunutu aliyeanguliwa karibuni hamwezi nzi wa nyumbani. Akikosa chakula, hula ndugu zake.

Ufugaji
Nzi hufugwa katika chupa yenye ndizi mbivu iliyopondwa na hamira kidogo, na mdomo hufunikwa kwa kitambaa. Katika halijoto ya 25 °C, D. melanogaster huchukua siku 10 hivi kutoka yai hadi mpevu. D. hydei ni mkubwa kidogo na huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo chupa huandaliwa kabla mayai ya vunjajungu hayajaanguliwa.

Wafugaji hupendelea nzi wasioweza kuruka, kama wale wenye mabawa mafupi kutokana na badiliko la jeni. Nzi waliokamatwa nyumbani wanaweza kuwa na dawa ya kuua wadudu, ambayo huua vunjajungu pia.