Kilwa Kisiwani: Utukufu wa Kisiwa na Machozi ya Bara



Juma hili napenda tutafakari habari za dola ya kale iliyostawi juu ya kisiwa kidogo, ndani ya mkoa wetu huu huu wa Lindi. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa ni watu wa bara, na wengi wetu bahari huiona kwa nadra. Hata hivyo, historia ya Kilwa Kisiwani ni historia yetu pia, kwa sababu kisiwa kile hakikutajirika kwa samaki na nazi zake peke yake. Kilitajirika kwa vitu vilivyotoka bara, na hatimaye kwa watu waliotoka bara.

Tuanze na mahali penyewe. Kilwa Kisiwani imetengwa na nchi kavu ya Kilwa Masoko kwa mlangobahari mwembamba, wenye maji tulivu yanayofaa kutia nanga. Lakini siri ya utajiri wake ilikuwa katika pepo. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Yaliweza kufika Kilwa na kurejea kwao katika mwaka mmoja, lakini kusafiri zaidi kusini hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, na kurudi ndani ya msimu huo kulikuwa kugumu mno. Hivyo dhahabu iliyotoka Zimbabwe na kushukia Sofala ilipaswa kupitia mikononi mwa Kilwa. Kilwa ilikuwa mlango, na mwenye mlango ndiye mwenye kutoza ushuru.

Masimulizi ya kale ya Kilwa yanaeleza kwamba Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa mtawala mwenyeji kwa nguo nyingi za kutosha kukizunguka. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walikwisha kuishi pale kabla ya enzi ya masultani hao. Tena utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mifupa kutoka makaburi ya miji ya pwani, Kilwa ikiwamo, umeonyesha kwamba tangu yapata mwaka 1000 watu wa pwani walichanganya damu ya akina mama wa Kiafrika na ya akina baba waliotoka hasa Uajemi. Kwa hiyo Kilwa haikuwa mji wa wageni waliokaa Afrika. Mama zake walikuwa wa nchi hii.

Fahari yake ilikuwa kubwa. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 kwa mawe ya matumbawe, ulipanuliwa karne ya 14 na kuezekwa kwa kuba. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba. Moja iliokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine zilipatikana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, upande wa pili wa bahari. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa, akausifu uzuri wa mji na unyenyekevu wa sultani. Anasimulia kwamba fukara mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akamvulia palepale. Mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani mwenyewe akamwongezea fukara watumwa wengine na mizigo ya pembe za ndovu. Watu wote walimsifu. Lakini Ibn Battuta anaeleza pia kwamba sultani huyo alikuwa akizivamia nchi za bara na kuchukua nyara. Basi hapa, ndugu zangu, tujiulize: watumwa wale walikuwa watoto wa nani? Sadaka ya mkarimu ilikuwa imechukuliwa katika nyumba ya mtu mwingine. Jina la mtoaji linakumbukwa kwa sifa. Waliotolewa hawana jina.

Tusiichukue historia hii kuwanyoshea kidole ndugu zetu Waislamu, ambao tunaishi nao, tunazikana nao na kusherehekea nao. Na sisi tusikie ya kwetu. Tarehe 24 Julai 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliiteka Kilwa. Shahidi wa siku ile aliandika kwamba mapadre Wafransisko walishuka pwani na misalaba miwili, wakiimba utenzi wa kumshukuru Mungu. Msalaba ukasimikwa, kamanda akasali, kisha mji ukaporwa. Wareno wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Ngome inayoonekana leo mahali pale, iliyojengwa upya baadaye na Waarabu wa Omani, huitwa Gereza. Wataalamu wa lugha husema neno hilo limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ni fedheha kwetu kwamba neno la wageni la kutaja nyumba ya Mungu liliingia katika Kiswahili likiwa na maana ya nyumba ya kufungia watu.

Baada ya dhahabu kuponyoka, Kilwa ilitafuta bidhaa nyingine. Mwaka 1776 sultani wake aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Morisi na Reunion. Karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, na bandari hiyo ikawa mlango mkuu wa watumwa waliopelekwa Unguja. Misafara iliteremka kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa na Lindi, na nchi hizi zetu za Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde zikawa njia na mawindo. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana alileta bara kundi la watu waliokombolewa, nao wakaanzisha makazi Masasi, jirani zetu.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 26 hadi ya 28, anauombolezea mji wa Tiro, uliokuwa nao kisiwa chenye bandari, meli na tajiri wa kila namna. Anaorodhesha bidhaa zake moja baada ya nyingine, na katikati ya orodha, bila kupaza sauti, anataja roho za watu pamoja na vyombo vya shaba. Hapo ndipo msomaji anapaswa kusimama. Mji haupotei siku unapotekwa. Unaanza kupotea siku binadamu anapoandikwa katika daftari moja na bidhaa.

Wapendwa, Kilwa imetuachia pia zawadi njema, kwa kuwa lugha hii tunayosalia leo ilikuzwa katika miji ya pwani kama ule. Nasi tunaendelea kupeleka vitu pwani: korosho, ufuta, mbaazi, na sasa madini ya kinywe ya Ruangwa. Hakuna dhambi katika biashara. Dhambi huingia mlangoni, pale mwenye nguvu anapomkuta mwenye shida. Anayenunua korosho za jirani kwa kangomba wakati wa njaa, kwa bakuli na bei ya kuonea, amesimama mlangoni pale. Na anayekuja kijijini kumchukua binti wa miaka 13 akafanye kazi za ndani mjini, akawaachia wazazi fedha kidogo na ahadi nyingi, huyo anaitembea njia ileile ya misafara, hata kama anasafiri kwa basi.

Juma hili kila jumuiya ndogondogo ijiulize: ni watoto gani wa mtaa wetu waliondoka kwenda mjini, na ni nani aliyesikia sauti zao mwezi huu? Tuwataje kwa majina katika sala, kisha tuwapigie simu. Wale wa zamani walichukuliwa bila majina yao kuandikwa popote. Hawa wa leo majina yao tunayajua.