Kitabu cha Kijana Mikononi mwa Mtu Mzima

Mimi ni mpenzi wa riwaya za vijana, ingawa nimekwisha kuupita mbali umri ambao wachapishaji huuandika nyuma ya jalada. Nazisoma kwa hiari, nje ya mihadhara na nje ya utafiti, na nikiishika moja jioni ni nadra kuiweka chini kabla ya usiku wa manane. Baadhi ya wenzangu katika taaluma ya fasihi huipokea habari hii kwa tabasamu la adabu, kama wangelimpokea mtu aliyewaambia kwamba bado hucheza gololi. Tabasamu hilo limejengwa juu ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba kitabu cha kijana ni ngazi, na aliyekwisha kufika juu hana haja nayo tena. Ya pili ni kwamba fasihi ya watu wazima ndiyo mzazi, na ile ya vijana ni mtoto wake aliyepunguzwa kimo. Nakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa riwaya ya Kiswahili, historia inazikanusha dhana zote mbili. Kwetu sisi kitabu cha kijana kilitangulia, na tangu mwanzo kilisomwa na watu wa kila umri.

Tuanze na jina. Kundi la vitabu linaloitwa leo riwaya za vijana lilipata sura yake katika maktaba za Marekani. Wakutubi walitaka kumhifadhi msomaji aliyeacha chumba cha watoto na bado hajazoea rafu za wakubwa, na mwaka 1957 Chama cha Maktaba cha Marekani kiliunda idara maalumu ya huduma kwa vijana. Miaka kumi baadaye, mwaka 1967, S. E. Hinton wa mji wa Tulsa, Oklahoma, alichapisha The Outsiders. Alianza kukiandika akiwa na miaka 15, na kilipotoka alikuwa na miaka 18. Alikiandika kwa sababu hakuona kitabu kilichosema kweli juu ya maisha ya vijana aliosoma nao. Tangu hapo soko lilikua, na mpaka kati ya umri na umri ukawekwa alama dukani. Mpaka huo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1998 wachapishaji wa Harry Potter huko Uingereza walitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo ule kwa jalada jingine, lililotulia zaidi, kwa ajili ya watu wazima. Maneno ya ndani yalikuwa yale yale. Kilichobadilishwa ni kile ambacho abiria mwenzako angekiona garini.

Lugha yetu haina mpaka wa namna hiyo. Neno kijana lina upana ambao lugha nyingi hazinao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kijana kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 18 ambaye hajafika 35, na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unaanzia 15 hadi 35. Kwa hesabu hizo, kijana anaweza kuwa mwanafunzi wa sekondari, na anaweza pia kuwa baba wa watoto watatu. Mwenye kutafuta tafsiri ya jina lile la Kimarekani kwa hiyo hatafuti neno tu. Anajaribu kuhamisha namna nzima ya kuyagawanya maisha ya binadamu.

Hata kabla ya riwaya, pwani yetu ilikuwa na maandishi yaliyomlenga kijana. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake karibu na mwaka 1858, akimwelekeza binti yake jinsi ya kuishi. Aliyetajwa ndani ya utendi ni msichana mmoja. Waliousoma, wakaunakili na kuuhifadhi kwa moyo kwa vizazi vingi ni wanawake watu wazima, na wengi wao walikuwa na mabinti wao wenyewe. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mama anasoma maneno aliyoandikiwa binti.

Riwaya ya Kiswahili sanifu ilizaliwa katika hali inayofanana na hiyo, ingawa kwa nia tofauti. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyozihusu nchi zote nne zilizotawaliwa na Waingereza katika eneo letu. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Lugha iliyokuwa ikisanifiwa ilihitaji vitabu vya kusomwa shuleni, na Johnson alikuwa tayari ameingia kazini: mwaka 1929 zilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Inafaa kukumbuka vitabu hivyo vilikuwa nini katika lugha yao ya asili. Robert Louis Stevenson alianza kisa cha hazina kwa mchezo wa kuchora ramani pamoja na mtoto wake wa kambo, na kisa kikatoka kwa sehemu katika gazeti la vijana, Young Folks, kati ya mwaka 1881 na 1882. Rider Haggard, aliyechapisha Mashimo mwaka 1885, alikitabaruku kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Basi miongoni mwa mawe ya msingi ya nathari ya kubuni katika Kiswahili sanifu mna vitabu viwili vilivyokusudiwa wavulana. Wakati huo wanafunzi waliokaa dawati moja wangeweza kutofautiana umri kwa miaka mingi, na kitabu kilichotoka shuleni kilifika kwa mwalimu, kwa karani na kwa jirani aliyejua kusoma. Kwa watu hao hapakuwa na rafu ya pili ya riwaya za wakubwa iliyowangoja. Kitabu cha kijana ndicho kilikuwa riwaya.

Mpenzi wa vitabu hana budi pia kutazama kile alichopewa akipende. Katika Mashimo, Umbopa ni mfalme halali wa Wakukuana. Hata hivyo anarudi katika nchi yake kama mtumishi wa wageni watatu, na kiti chake anakipata kwa bunduki na akili zao. Kijana wa Tanga au wa Machakos aliyekisoma kwa Kiswahili safi alialikwa ashangilie wageni wakichukua almasi katika bara lake. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934, kiliandikwa na Mwafrika, nacho kilisomwa sana shuleni. Lakini nacho kinawasifu Waingereza kama wakombozi, na hao ndio waliokuwa wakitawala. Wahakiki wameyasema haya, na wana haki.

Ila ukweli huo haumalizi habari. Msomaji kijana hakuchukua itikadi peke yake. Alichukua pia ufundi: jinsi sura inavyokatwa pale moyo unapodunda, jinsi siri inavyofichuliwa kidogo kidogo, jinsi mhusika mwovu kama John Silver anavyoweza kupendeka. Ufundi huo ulionekana kwa waandishi waliofuata. Shaaban Robert alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela, mkusanyiko ambao Johnson naye alishiriki kuutafsiri, akakigeuza kuwa Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake, na rafiki yake Najum wa kumuuliza maswali, ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes. Lakini mitaa anayopita, mizimu anayoikataa na lafudhi anazozisikiliza ni za Unguja. Hakuna aliyeandika juu ya jalada kwamba Bwana Msa ni wa umri fulani. Babu na mjukuu walimgombania.

Kisa cha Rosa Mistika kinaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Riwaya hiyo ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Inamfuata msichana wa Ukerewe, aliyelelewa kwa fimbo na vitisho, mpaka shuleni na chuoni, ambako uhuru unamkuta hana mafunzo ya kuutumia. Kwa kipimo chochote hicho ni kitabu juu ya ujana: mwili unaobadilika, baba mkali, barua ya kwanza ya mapenzi. Kwa sababu hizo hizo kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, ingawa baadaye kilikuja kukubaliwa humo. Watu wazima waliruhusiwa kusoma habari za msichana aliyeangamia kwa kutoambiwa ukweli, huku wasichana wa umri wake wakizuiwa kuzisoma. Ninapofundisha riwaya hii huwaomba wanafunzi wajiulize marufuku ile ilimlinda nani. Jibu la Kezilahabi limo ndani ya kitabu chenyewe, kwa kuwa malezi yaliyompoteza Rosa yalikuwa malezi ya kuficha.

Robo karne baadaye, mwaka 1996, Ken Walibora alichapisha Siku Njema. Msanifu Kombo, aitwaye Kongowea Mswahili kwa umahiri wake wa lugha, anampoteza mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kitabu kiliteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Kutahiniwa kwa kawaida huua mapenzi, maana kijana hupigia mstari tamathali za usemi badala ya kusikiliza kisa. Safari hii kisa kilishinda mtihani. Walibora alipofariki mwezi Aprili 2020, waliomlilia hadharani walikuwa wengi wao watu wazima, na walimtaja Msanifu kama mtu waliyekua naye mtaa mmoja. Walikuwa wamemaliza mitihani yao miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyewalazimisha kumkumbuka.

Kwa sisi tunaoishi ughaibuni, majina haya mawili yana jambo la kutuambia. Kezilahabi alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Walibora, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alifundisha katika chuo hicho hicho cha Madison. Wote wawili waliaga dunia mwaka 2020. Waandishi wetu waliomwelewa kijana vizuri kuliko wengi walipita katika miji tunayoishi, lakini vitabu vyao havimo katika nyumba zetu nyingi. Nchini Tanzania kwenyewe, Tuzo ya Burt, iliyoanzishwa kwa ufadhili wa Kanada ili kukuza riwaya za vijana, ilizawadia miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nia ilikuwa njema na vitabu vizuri vilipatikana. Hata hivyo mwandishi aliyetaka kumwandikia kijana wa Kitanzania, na kulipwa kwa kazi hiyo, alionyeshwa lugha ipi ina malipo.

Matokeo yake nayaona darasani. Huja kwangu vijana waliozaliwa nje na wazazi Waswahili. Wanamwelewa bibi katika simu, wanajua kutania kwa Kiswahili, na wamesoma riwaya nene za Kiingereza tangu wakiwa na miaka 12. Nikiwapa ukurasa wa Kiswahili, mwendo wao ni wa mtu anayetembea juu ya mawe makali kwa miguu mitupu. Rafu ya nyumbani ilikuwa na kitabu cha picha cha mtoto wa miaka mitano na, mbali sana juu yake, Kusadikika ya baba. Katikati hapakuwa na kitu. Lugha iliyokosa kitabu cha miaka 15 hubaki kuwa lugha ya kuitikia salamu na kuagizwa chumvi, na asiyeisoma akiwa kijana ni vigumu kumpata akiisoma akiwa mzee.

Yapo yanayotia moyo. Mwaka 1940 ilitoka tafsiri ya kisa cha Alice kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika michoro yake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili huko London, alikitafsiri upya kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Msichana yule yule ameingia shimoni mara mbili, kwa Kiswahili cha vizazi viwili tofauti, na mwenye kuziweka tafsiri hizo pamoja ana somo zima la historia ya lugha yetu mezani kwake.

Ndiyo maana sioni kwamba mtu mzima anayesoma riwaya ya vijana amevamia mahali pasipo pake. Katika historia yetu yeye ndiye aliyeinunua, akaisoma kwa sauti, akaificha isichanike, kisha akaipitisha kwa mwingine. Bila yeye Bwana Msa asingevuka kutoka Unguja, na Msanifu Kombo angezikwa pamoja na karatasi za mtihani. Mwenye binti au mpwa wa miaka 15 huko Muscat, Leicester au Minneapolis asimnunulie Siku Njema na kumwachia mezani kama dawa ya kumeza. Aisome yeye kwanza, usiku, kwa raha yake. Wakionana asubuhi amwambie Msanifu amefika wapi, na asimwambie kilichofuata.