Pikipiki na umri wake: kwa nini nyingine huvuka kilomita milioni na nyingine hufa mapema

Kuna pikipiki zilizozunguka dunia mara nyingi na bado zikawaka asubuhi iliyofuata. Kuna nyingine ambazo hazikumaliza hata mkopo ulionunulia. Makala yetu ya historia juma hili inafuatilia safari ya chombo hiki tangu mwaka 1885, na siri ya wale waliofika nacho mbali.

Mpenzi msikilizaji, huenda wewe ni miongoni mwa wale walioko Muscat, Dubai, London au Minneapolis ambao waliwahi kudunduliza mshahara na kutuma fedha nyumbani ili ndugu au mpwa anunuliwe pikipiki ajipatie riziki. Huenda pia, baada ya mwaka mmoja na nusu, ulipokea simu ukaambiwa kwamba injini imenoki na kwamba zinahitajika fedha nyingine. Hapo ndipo linapozuka swali: je, pikipiki ilikuwa mbovu tangu dukani, au haikutunzwa?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kulijibu kunatupeleka Ujerumani, Uingereza, Japani, Argentina na Marekani, kabla ya kuturudisha kwenye vijiwe vya bodaboda.

Mashine isiyotarajiwa kudumu

Mwaka 1885 huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na msaidizi wake Wilhelm Maybach walifunga injini ya silinda moja katika kiunzi cha mbao chenye magurudumu mawili. Nia yao haikuwa kuanzisha biashara ya pikipiki. Walitaka kuijaribu injini yao tu, na baadaye wakageukia magari. Pikipiki ya kwanza kuundwa kiwandani kwa wingi, ile ya Hildebrand na Wolfmüller, ilitoka mjini Munich mwaka 1894.

Pikipiki za miongo iliyofuata zilikuwa chombo cha mtu mvumilivu. Katika nyingi kati yake, oili haikuzunguka ndani ya injini kama ilivyo leo. Mwendeshaji aliisukuma kwa pampu ya mkono huku akiwa safarini, nayo ikaungua au ikadondoka barabarani. Aliyesahau kupiga pampu aliiua injini yake, na aliyezidisha alijaza masizi ndani ya silinda. Kuifungua injini ili kukwangua masizi hayo ilikuwa kazi ya kawaida ya mmiliki.

Mwaka 1923 kampuni ya BMW ilitoa pikipiki yake ya kwanza, R32, iliyobuniwa na Max Friz. Oili yake ilizunguka na kurudi ndani ya injini, na nguvu ilifika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Mambo hayo mawili, kulainisha vyuma bila kukatiza na kuondoa cheni inayolika kwa vumbi, yalikuja kuwa msingi wa pikipiki nyingi za masafa marefu.

Wanawake wawili na safari ya Cape Town

Ushahidi mzuri wa jinsi mambo yalivyokuwa ni safari ya Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther yenye injini ya sentimita za ujazo 600, iliyofungwa kigari cha pembeni na kukokota tela. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita Afrika ya Kati, wakaingia Kenya na Tanganyika, na kufika Cape Town tarehe 29 Julai 1935.

Injini yao iliwaharibikia jangwani, wakalazimika kuifungua na kuitengeneza upya huko Agadez, katika nchi ambayo leo ni Niger. Wakati huo kuimiliki pikipiki maana yake ilikuwa kuwa fundi wake. Wallach mwenyewe alikuwa amesomea uhandisi.

Miaka takriban 40 baadaye, mwandishi wa habari Ted Simon alipita njia za Afrika Mashariki kwa namna hiyohiyo. Aliondoka London Oktoba 1973 na pikipiki ya Uingereza aina ya Triumph Tiger 100. Alishuka Libya, Misri, Sudan na Ethiopia, akapita Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, kisha akaendelea Amerika ya Kusini, Australia na Asia. Alirejea mwaka 1977 akiwa amepita nchi 45 na kusafiri zaidi ya kilomita 100,000. Hakuwa fundi alipoondoka, lakini barabara ilimfundisha.

Jambo la kutafakari ni kwamba mwaka huohuo wa 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Meriden kilichounda pikipiki za Triumph walikuwa wamekikalia kiwanda chao kupinga kufungwa. Baadaye walikiendesha wenyewe kwa ushirika, lakini ushirika huo nao ukafa mwaka 1983. Pikipiki ya Simon ilihifadhiwa katika jumba la makumbusho ya usafiri mjini Coventry. Chombo kimoja kilichotunzwa njiani kimeishi kuliko kiwanda kilichokizaa.

Mapinduzi ya Japani

Kilichokiua kiwanda cha Meriden hakikuwa siri. Mwaka 1946, katika Japani iliyoteketezwa na vita, Soichiro Honda alianza kufunga injini ndogo zilizobaki jeshini katika baiskeli. Mwaka 1948 alianzisha kampuni yake, na mwaka uliofuata akaungana na Takeo Fujisawa, mtu wa biashara.

Inasimuliwa kwamba Fujisawa alitaka pikipiki ambayo mchukuzi wa chakula angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika sinia. Matokeo yake, Agosti 1958, yalikuwa Super Cub: injini ya sentimita za ujazo 49, gia zisizohitaji klachi ya mkono, na umbo ambalo hata aliyevaa gauni angeweza kulipanda.

Lakini kilichoifanya iingie katika historia ni uvumilivu wake. Wakati ambapo pikipiki ndogo nyingi zilihitaji oili ichanganywe na petroli, hii ilikuwa na oili yake peke yake ndani ya injini. Vipuri vyake vilikuwa vichache na vilivyochongwa kwa usahihi, na fundi wa kijijini aliweza kuifungua kwa spana chache. Mwaka 2017 jumla ya Super Cub zilizoundwa zilifikia milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kilichowahi kuifikia.

Kilomita 735,000

Kampuni hiyohiyo ilitoa mwaka 1975 pikipiki ya namna nyingine kabisa, Gold Wing. Ilikuwa nzito, yenye silinda nne zilizolala ubavu, ikipozwa kwa maji na kusukumwa kwa shafti. Maji yaliifanya injini ikae katika joto lisilobadilika sana, na chuma kisichopanda na kushuka joto ovyo hakichoki upesi.

Ni pikipiki ya aina hiyo, ya mwaka 1980, ambayo Emilio Scotto wa Buenos Aires, Argentina, aliipanda tarehe 17 Januari 1985. Alirejea tarehe 2 Aprili 1995. Kitabu cha rekodi cha Guinness kinasema alipita nchi na maeneo 214 na kusafiri zaidi ya kilomita 735,000. Ukigawa umbali huo kwa siku zote za safari, utapata karibu kilomita 200 kila siku kwa muda wa miaka kumi. Ni sawa na kuizunguka dunia kwenye ikweta mara 18.

Nchini Marekani, Dave Zien, aliyewahi kuwa seneta katika bunge la jimbo la Wisconsin, alikwenda mbali zaidi kwa pikipiki moja. Harley-Davidson yake ya mwaka 1991 ilifikisha maili milioni moja mwaka 2009, yaani kilomita zaidi ya 1,600,000. Wastani wake ni kilomita 245 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikihesabiwa.

Hapa msikilizaji anaweza kuuliza: je, pikipiki iliyokwenda mbali hivyo bado ni ileile? Hakuna inayofika huko kwa pistoni, ringi, beringi na matairi yaleyale. Jibu wanalo mafundi wa majahazi wa pwani yetu. Mbao zikioza hubadilishwa, kalafati hurudiwa, tanga hushonwa jipya, lakini nahodha hasemi kwamba amenunua chombo kingine. Chombo ni kilekile kwa sababu mkono unaokitunza ni uleule.

Tena, pikipiki nyingi za zamani zilikuwa na tarakimu tano tu za kuhesabu umbali. Zikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri. Hata waliozibuni hawakutegemea kwamba kuna mtu angezifikisha huko, na waliozifikisha walitegemea daftari. Waliandika tarehe, kilomita na kilichobadilishwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Kutoka Busia hadi kila kijiwe

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Baadaye baiskeli zikaipisha pikipiki. Nchini Kenya, hatua ya serikali ya mwaka 2008 ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo ilizidisha kasi hiyo. Huko Rwanda na Burundi huitwa taksi-moto, lakini kazi ni ileile.

Nyingi kati ya pikipiki hizo hutoka India, kwa Bajaj na TVS. Kampuni hizo zilijifunza sehemu kubwa ya ufundi wao wa pikipiki katika miaka ya 1980 kwa kushirikiana na Wajapani, Bajaj na Kawasaki, TVS na Suzuki. Kwa hiyo pikipiki ya kijiweni ni mtoto wa ufundi uleule wa silinda moja, upepo wa kupoza, na vipuri vichache.

Basi kwa nini hufa mapema? Tufanye hesabu. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, amekwenda kilomita 30,000. Angehitaji miaka 24 na zaidi kumfikia Scotto. Tofauti ni kwamba Scotto na Zien walikwenda mwendo mrefu usiokatizwa, nao ndio unaoipendeza injini. Dereva wa bodaboda husimama na kuondoka mara mia kwa siku, katika vumbi na matope, na mara nyingine amepakia mishikaki ya abiria watatu.

Vumbi likipenya chujio la hewa lililochoka, husugua silinda kama msasa. Pikipiki ndogo hubeba oili kiasi cha lita moja tu, ambayo hufanya kazi yote ya kulainisha na kusaidia kupoza. Kilomita elfu mbili au tatu zikipita, oili hiyo imechoka, na kwa mwendo wa kazi huo ni mwezi mmoja. Anayeiacha miezi mitatu hajaokoa fedha, ameahirisha deni.

Yako pia mambo ya umiliki. Nchini Tanzania madereva wengi huendesha kwa "hesabu": kila jioni humpelekea tajiri kiasi kilichokubaliwa, na kinachobaki ni chao. Katika mpango huo, kila shilingi ya oili humtoka dereva leo, na pikipiki ikifa kesho hasara ni ya tajiri. Wengine huendesha kwa "mkataba": hulipa kila siku kwa muda fulani, kisha pikipiki huwa mali yao. Huyu wa pili anajua kwamba chombo anachokitesa leo ndicho atakachokirithi.

Hapo ndipo historia yote tuliyoieleza inapokutana na simu yako ya nyumbani. Wallach, Simon, Scotto na Zien walitofautiana kwa nchi, kwa fedha na kwa aina ya pikipiki. Walilingana kwa jambo moja: aliyeshika usukani ndiye aliyebeba hasara ya uzembe na ndiye aliyeonja faida ya utunzaji. Ubora wa kiwanda ni kweli una nafasi yake, kama Super Cub ilivyoonyesha, lakini kiwanda hakibadili oili.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, unapomnunulia ndugu yako pikipiki, mnunulie na daftari, na mkubaliane mapema siku itakayokuwa yake. Ukipiga simu, usiulize tu imeingiza shilingi ngapi. Uliza oili imebadilishwa lini, na cheni ina hali gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini hujengwa kwa fedha za kigeni.