Opec Boys wa Arua na mafuta yaliyo chini ya ziwa

Historia ya mafuta ya Uganda huanzishwa Hoima, mwaka 2006, serikali ilipotangaza kuwa mafuta yenye faida yamepatikana. Arua, mji wa eneo la West Nile, haitajwi sana. Ni dhuluma, maana mji huo ulikuwa ukiishi kwa mafuta zamani.

Rais Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, pia West Nile, alipopinduliwa mwaka 1979, watu wengi wa eneo hilo walikimbilia Zaire (Congo ya leo) na Sudan. Waliporejea miaka ya 1980 kazi hazikuwepo, lakini walikuwa na jamaa ng'ambo na walizijua njia za panya. Petroli iliyopita Uganda kwenda Congo haikutozwa ushuru. Ikishavuka mpaka wa Vurra, ilimiminwa kwenye madumu huko Ariwara, upande wa Congo, kisha ikarudishwa Arua kwa magendo. Kando ya barabara palikuwa na vijana wenye dumu, faneli na chupa. Pikipiki inasimama, inajaziwa, inaondoka. Mji ukawabatiza vijana hao Opec Boys, kwa jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta. Sheria walivunja, ndiyo, lakini waliendesha usafiri wa mji mzima na kulisha nyumba nyingi.

Je, West Nile yenyewe ina mafuta? Mwaka 2005 kampuni ya Neptune Petroleum ilipewa kibali cha kutafuta mafuta katika Eneo la 5, kwenye bonde la Rhino Camp kando ya Nile. Ilichimba visima vya Iti-1 mwaka 2009, Avivi-1 mwaka 2010 na Mvule-1 mwaka 2012. Vyote vitatu vilikuwa vikavu, na kampuni ikaondoka. Kwa wenyeji waliosubiri ajira na barabara, lilikuwa pigo.

Kusini zaidi bahati ilikuwa nyingine. Uwanja wa Kingfisher uko chini ya Ziwa Albert, lakini hakuna jukwaa hata moja majini. Kampuni ya CNOOC ya China inachimba kutoka nchi kavu, uwanda wa Buhuka wilayani Kikuube: kekee inashuka wima, kisha inapinda taratibu kuelekea chini ya ziwa. Visima 31 vimepangwa, 20 vya kutoa mafuta na 11 vya kurudisha maji ardhini ili shinikizo lisipungue. Uchimbaji ulianza Januari 2023, na lengo ni mapipa 40,000 kwa siku. Mafuta hayo yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kwenda Tanga limebuniwa kupashwa moto njia nzima.

Petroli ya Arua na Koboko, kwa upande wake, inaletwa kutoka mbali kwa malori yanayovuka daraja la Pakwach, na bei inapanda kwa kila kilomita. Mkataba wa kiwanda cha kusafishia mafuta huko Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku, ulitiwa saini Machi 2025. Kikijengwa, safari hiyo itafupika sana.