Tawasifu, wasifu na kisa: nani wa kusema "sivyo"?

Ihumwa ipo kandokando ya barabara ya Dodoma–Morogoro, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Huko ndiko kwa kina Mathias Mnyampala, malenga wa Kigogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliyepata kuwa liwali na baadaye hakimu. Wengi wanamkumbuka kwa ngonjera. Mimi namtaka kwa vitabu vyake vitatu vya nathari, kwa sababu mwalimu wa shule ya msingi akivipanga mezani, somo la aina za maandishi limejifundisha nusu yake.

Cha kwanza ni historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Cha pili ni Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, cha mwaka 1961. Cha tatu, Maisha ni Kugharimia, ni maisha yake mwenyewe, nacho kilichapishwa mwaka 2013, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka 40. Mwandishi ni mmoja na lugha ni moja, ila kila kitabu kina namna yake ya kuulizwa maswali.

Swali ninalolipenda ni hili: mwandishi akikosea, nani ana haki ya kumwambia "sivyo"? Kwenye historia, mzee yeyote wa Ugogo aliyeijua jadi ya ukoo wake angeweza kumfuata Mnyampala na kumwambia kwamba ukoo fulani haukutokea huko alikosema, naye ingembidi ajibu kwa ushahidi. Kwenye kisa hakuna wa kumfuata. Mrina asali akipanda mti au asipoupanda, hiyo ni hiari ya mtunzi. Unaweza kulalamika kwamba kisa hakinogi, lakini huwezi kusema hakikutokea.

Shuleni tumezoea kugawa maandishi ya kubuni na yasiyo ya kubuni. Mgawanyo ni sahihi, ila hilo jina la pili silipendi. Linamwambia mtoto kitu kisivyo na kumwacha njiani. Ningependa tuseme maandishi ya mambo halisi, ndani yake tuweke historia, wasifu, tawasifu, barua, taarifa ya habari, hata maelezo ya namna ya kupanda uwele. Pia tumtahadharishe mtoto mapema, maana maneno yetu yenyewe yana mitego. "Hadithi" ni sungura na fisi, na "Hadithi" ni mapokeo ya Mtume ambayo wanazuoni waliyachuja msimulizi kwa msimulizi. "Kisa" ni cha kutungwa, na "kisa" ni kilichompata jirani jana. Hata "kutunga" hakumaanishi kudanganya, kwani insha inayoeleza ukame wa kweli nayo hutungwa.

Tuje kwenye wasifu na tawasifu. Wasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine, na tawasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe. Neno "wasifu" limetoka Kiarabu, shina moja na "sifa" na "kusifu", na undugu huo umetuponza. Nenda msibani usikilize wasifu wa marehemu: amezaliwa, amesoma, ameajiriwa, alikuwa mcheshi, hakuwa na makuu. Ugomvi wa shamba umerukwa. Msibani ni sawa, waliofiwa wana haki ya kufarijiwa. Darasani mtoto ajue kwamba wasifu hubeba sifa kwa maana pana ya tabia na hali, nzuri na mbaya. Kwenye maombi ya kazi, kwa upande mwingine, wasifu umepungua ukawa orodha ya shule na vyeti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yenye makao hapa hapa Dodoma, huiita orodha hiyo "maelezo binafsi", jina ambalo kwangu limekaa vizuri zaidi.

Mkoa huu una shahidi mwingine. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alifanya kazi Mpwapwa katika idara ya mifugo miaka ya 1940. Ametuachia Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, na watu waliomjua Siti wangeweza kumsahihisha. Ametuachia pia Maisha Yangu, tawasifu iliyokuja kuunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini. Mtu huyo huyo ndiye mwandishi wa Kusadikika (1951), nchi iliyo angani, ambako hakuna shahidi wa kuitwa.

Wanafunzi wengi hujibu kwamba tawasifu ni maandishi yenye "mimi". Jibu hilo ni nusu. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, inasema "mimi" nayo ni riwaya, kwa kuwa anayesema ni Kazimoto, si Kezilahabi. Mtoto aangalie jina la jaladani na jina la yule "mimi" wa ndani. Yakilingana, na mwandishi akaahidi kwamba ndivyo ilivyokuwa, hiyo ni tawasifu. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, ya hayati Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Tanzania, ya mwaka 2021, inatamka ahadi hiyo kwenye jina lake.

Ahadi hiyo ina mpaka. Hakuna anayekumbuka kuzaliwa kwake. Mnyampala alizaliwa wakati njaa kubwa inaanza, njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata. Kwa wazee wengi jina la njaa ndilo lilikuwa cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo sura ya kwanza ya tawasifu karibu yoyote ni ya kuambiwa, na mwandishi muungwana husema "mama alinisimulia". Mambo ya nje, ndugu na majirani wanaweza kuyasahihisha. Ila akiandika kwamba siku ile aliogopa, hakuna shangazi wa kumwambia hakuogopa.

Na mwanafunzi wa darasa la tano akiandika chini ya kichwa "Maisha Yangu" kwamba alimuua simba kwa manati njiani akitoka kisimani? Usimkate alama zote. Mwambie ahamishie habari hiyo kwenye ukurasa mpya, shujaa amwite Ndahani, na simba amwache alivyo.